Kinanda cha Baba: Tutunze cha Zamani au Tununue Kipya?

Twataka kuwasimulia shauri lililotusumbua nyumbani kwetu Kimanga, hapa Uvira, kwa muda wa miezi mitatu katika mwaka 2022. Halikuwa shauri la shamba wala la mahari. Lilikuwa shauri la kinanda cha santuri. Huenda wengine watacheka, wakisema kwamba watu wenye watoto wa kusomesha hawana haja ya kusumbuliwa na jambo la namna hiyo. Lakini katika shauri hilo dogo tulikosana, tulipoteza fedha, na tuligundua kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tukiharibu kwa mikono yetu wenyewe kitu tulichodhani twakitunza. Ndiyo sababu twaandika.

Sisi ni wawili, mume na mke. Mmoja wetu ni mwalimu, mwingine ni muuguzi. Tuna watoto wanne, na twakaa pamoja na Baba, aliye baba mzazi wa mmoja wetu na baba mkwe wa mwingine. Lakini sote wawili twamwita Baba, bila kutofautisha. Katika ujana wake Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, kule katika bonde la Ruzizi, siku zile kiwanda kilipokuwa bado kikisaga miwa. Mwaka 1969, baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu, alivuka mpaka kwenda Bujumbura, akarudi na kinanda cha umeme. Sanduku lake ni la mbao iliyopakwa vanishi, na mbele pana kipaza sauti kilichofunikwa kwa kitambaa. Ndani yake mna mtambo wa Garrard, kampuni ya Uingereza. Kitufe chake chaweza kuwekwa mahali pane: 16, 33, 45 na 78, yaani idadi ya mizunguko ambayo sahani huzunguka kwa dakika moja.

Santuri za Baba ni za namna mbili, na yafaa tueleze tofauti yake, kwa maana ndiyo iliyokuja kuamua shauri letu. Za kwanza ni zile nzito za mizunguko 78, zilizotengenezwa kwa lakiri, yaani utomvu wa wadudu fulani wa Bara Hindi. Zikianguka huvunjika kama chungu. Nyingi katika hizo zatoka kwa Ngoma, nyumba ya santuri iliyofunguliwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1948. Baba anayo ile ya Wendo Kolosoy iitwayo “Marie-Louise”, pamoja na gitaa la Henri Bowane. Sasa tazameni: mwaka huo huo wa 1948, kampuni ya Columbia ya Marekani ilikuwa ikitoa santuri ndefu ya plastiki, ya mizunguko 33 na theluthi moja, yenye mfereji mwembamba sana ambao sindano hupita ndani yake. Hiyo ndiyo namna ya pili. Mfereji wa santuri ya lakiri ni mpana mara tatu au zaidi kuliko ule wa santuri ya plastiki. Kwa hiyo sindano ya moja haifai kwa nyingine, na kinanda cha Baba kina sindano mbili katika kichwa kimoja, ambacho hugeuzwa kwa kidole kulingana na santuri.

Katika santuri za plastiki mna moja tuliyoipenda kupita zote. Ni Missa Luba, misa iliyoimbwa mara ya kwanza Kamina, katika Katanga, mwaka 1958, na wavulana na walimu wa kwaya iliyoongozwa na Padre Guido Haazen, Mfransiskani wa Ubelgiji. Santuri yake ilitolewa na kampuni ya Philips, ikasikika duniani kote; hata watengeneza sinema wa Uingereza waliuchukua wimbo wake wa Sanctus mwaka 1968. Lakini sisi hatukuipenda kwa sababu ya sifa za dunia. Tuliipenda kwa sababu Mama, mke wake Baba, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, aliipenda. Alipokuwa akisonga ugali jikoni alifuata sauti za wavulana wale, akikosea maneno ya Kilatini bila aibu yoyote. Mama alifariki mwaka 2007. Tangu hapo, kila mwaka siku ya kumkumbuka, baada ya kutoka kanisani tulikaa sote barazani na kuipiga santuri ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Wajukuu ambao hawakumwona bibi yao waliijua siku hiyo kwa sauti hizo.

Mnamo Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuleta msiba mkubwa katika mji wetu, huku Kimanga nako maji ya mvua yaliteremka kutoka milimani yakaingia uani kwetu. Tulibeba watoto kwanza. Kisha Baba, badala ya kuokoa nguo zake, alisimama katika matope akiwa ameinua juu kifurushi cha santuri. Kinanda kilipandishwa mezani kikapona, ila ubao wa chini ulivimba kidogo. Tangu siku hiyo tulikihesabu kinanda kuwa kama mzee wa ukoo aliyenusurika pamoja nasi.

Basi katika mwaka 2022, siku ya kumkumbuka Mama ilipofika, binti yetu wa kwanza, aliyekuwa akisoma Bujumbura, alikuja nyumbani. Tulipiga santuri. Sauti za wavulana zilipopanda juu, zilitoka na mkwaruzo, kama mtu anayeimba huku ana mchanga kinywani. Sisi hatukushtuka, kwa maana tulizoea. Lakini binti yetu aliuliza: “Mama, Baba, hivi ndivyo Bibi alivyokuwa akiisikia?” Hatukuwa na jibu. Babu yake akajibu kwa sauti ndogo: “Hapana, mjukuu wangu. Zamani zilikuwa safi.”

Hapo ndipo shauri lilipoanza. Binti alisema: kinanda kimechoka, tununue cha kisasa. Shemeji yetu aliye Brussels, tulipomwandikia, alijibu kinyume kabisa. Alisema: “Msithubutu! Huku Ulaya watu wanavitafuta vinanda vya zamani kama dhahabu.” Akatutajia Garrard 301, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1954 na kutumiwa katika studio za redio, na Thorens TD 124 ya Uswisi, ya mwaka 1957, ambazo hata leo wapenzi wa santuri huzinunua kwa bei kubwa. Akatuambia tena habari za Technics SL-1200 ya Japani, iliyotoka mwaka 1972: kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2010, kikidhani siku zake zimekwisha, kisha mwaka 2016 kikalazimika kuirudisha, maana watu walikuwa bado wanaitaka. “Mwaona?” akasema. “Cha zamani hakifi.”

Maneno hayo yalimfurahisha mmoja wetu na kumkasirisha mwingine. Mmoja alisema: “Usiache mbachao kwa msala upitao. Kinanda hiki ni mkono wa Baba. Tukikiweka kando, twamweka Baba kando.” Mwingine akasema: “Baba ni Baba, na sanduku ni sanduku.” Yule wa kwanza akaongeza kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kweli, wazee walituachia methali nyingi za kutuonya juu ya vitu vipya. Ya kutuonya juu ya vitu vya zamani hatukuikumbuka hata moja. Kwa siku kadhaa tulisalimiana kwa adabu tu, kama wageni waliokutana katika mashua ya kwenda Baraka.

Sasa twapaswa kuungama kosa. Mmoja wetu (ni nani, hatutasema, kwa kuwa tumekubaliana kubeba kosa hilo pamoja) alichukua dola 70 kutoka katika fedha tulizoweka kwa ajili ya mabati ya jikoni. Bila kumwambia mwenzake, akanunua kinanda kipya dukani. Kilikuwa kizuri kwa macho: kasha dogo kama sanduku la safari, rangi ya buluu, lenye mpini wa kubebea na vipaza sauti ndani. Muuzaji alisema chapiga santuri za kila namna. Tulikifungua mezani, watoto wakapiga makofi. Tulipoweka Missa Luba, mkwaruzo ulikuwa ule ule, na besi ilikuwa imepotea kabisa. Tulirudi dukani, muuzaji akasema mali ikiisha kufunguliwa hairudi. Jioni ile hapakuwa na maneno mengi nyumbani kwetu. Aliyenunua aliona haya. Asiyenunua alikuwa na haki ya kulaumu, akailaumu haki yake ilivyomruhusu, na zaidi kidogo.

Siku ya tatu tulifanya lile ambalo tungalifanya mwanzoni: tulimwita fundi. Ni mzee wa makamo ambaye hutengeneza redio na simu karibu na soko. Hakuja na maneno mengi. Alikuja na kioo cha kukuzia na mizani ndogo aliyoazima kwa mfanyabiashara wa dhahabu, maana mizani hiyo hupima hata sehemu ya gramu. Aliweka sindano ya kinanda cha Baba juu ya mizani, akatuonyesha: gramu tisa. Akaweka sindano ya kile kisanduku cha buluu: gramu sita. Kisha akaitazama sindano ya Baba kwa kioo. “Hii ilibadilishwa lini?” akauliza. Tulitazamana. Hakuna aliyekumbuka, labda kabla ya vita vya 1996.

Akatueleza polepole, na maelezo yake twayaandika hapa kwa faida ya kila mwenye santuri. Sauti ya santuri imeandikwa katika kuta za mfereji wake kwa mawimbi madogo mno. Sauti za juu, kama za watoto wadogo, ndizo zenye mawimbi madogo kuliko yote. Sindano nzima, yenye ncha ya mviringo na uzito mdogo, huyafuata mawimbi hayo bila kuyaumiza. Lakini sindano iliyochakaa huwa na kingo kama patasi. Ikikandamizwa kwa gramu nyingi, haiyafuati tena mawimbi, huyakwangua. Wala haikwangui zote sawasawa: huanza na sauti za juu. Zikisha kukwanguliwa, hakuna fundi wala mashine itakayozirudisha.

Wasomaji wapenzi, tulinyamaza. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka Mama, tulikuwa tumekaa barazani kwa heshima, tumevaa nguo safi, na kumbe katika saa ile ile tulikuwa tukizifuta sauti alizozipenda. Tulikuwa tumekitunza kinanda. Santuri hatukuwa tumezitunza.

Tulimwuliza fundi: basi cha kisasa ni bora? Akacheka. “Kile cha buluu ni cha kisasa kwa uso tu,” akasema. “Ndani mna kichwa cha sindano cha aina ile ile ya zamani, tena cha bei rahisi. Na vile vya zamani anavyovisifu shemeji yenu ni kweli ni bora, lakini vile vilitengenezwa kwa ajili ya studio. Hiki cha Baba kilitengenezwa kwa ajili ya sebule. Msiulize miaka yake. Ulizeni sindano yake inakandamiza kwa gramu ngapi, umeme wenu ukoje, na kikiharibika mtapata wapi vipuri.”

Tukaanza kuuliza hivyo. Habari ya umeme kila mtu wa Uvira aijua: huja, hukatika, na ukija huwa na nguvu leo na kesho umedhoofika. Mota ya kinanda cha Baba hula umeme wa volti 220 moja kwa moja, na nguvu zikipungua yaweza kuzunguka polepole, hata mwimbaji akasikika kama mtu mwenye usingizi. Tena ndani yake mna gurudumu dogo la mpira linaloisukuma sahani. Kwa miaka hamsini na zaidi mpira huo umekuwa mgumu, nao hutoa ngurumo. Kinanda kipya cha wastani, tofauti na kile kisanduku, huzungushwa kwa mkanda na mota ndogo inayojirekebisha mwendo wake. Chahitaji volti 12 tu, ambazo zaweza kutoka katika betri ya sola yetu. Sindano yake ni ya almasi, hukandamiza kwa gramu tatu hivi, na ikichakaa huchomolewa kwa vidole na kuwekwa nyingine. Ila kina upungufu mmoja mkubwa: hupiga mizunguko 33 na 45 tu. Santuri za lakiri za mizunguko 78 hakiziwezi. Yaani tukikichukua na kuuza cha Baba, Wendo Kolosoy angenyamaza katika nyumba yetu.

Tulijua sasa la kufanya, lakini hatukuthubutu kumwambia Baba. Tulidhani ataumia. Jioni moja, taa za Bujumbura zikiwaka ng'ambo ya ziwa, yeye mwenyewe alituita barazani. Alikuwa amesikia kila neno, kama wazee wasikiavyo hata tunapodhani wamelala. Alisema: “Wanangu, baba yangu alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, ya sindano za chuma. Nilipoleta kinanda hiki mwaka 1969, alinuna wiki nzima. Aliniambia nimeleta kitu cha Wazungu kisichojua kufanya kazi bila waya. Hiki mnachokiita cha zamani, mimi nilikinunua kwa sababu kilikuwa cha kisasa. Sikununua sanduku. Nilinunua nyimbo. Mama yenu hakupenda sanduku. Alipenda wale watoto wanaoimba. Okoeni watoto.”

Basi shauri likaisha. Tulikubaliana hivi. Kile cha buluu kilitolewa sindano, kikawa cha kuchezea cha mdogo wetu wa mwisho, na dola zake tukazihesabu kuwa karo tuliyolipa sisi wazazi. Tulijinyima, tukaahirisha mabati hadi msimu uliofuata, tukanunua kwa dola 190 kinanda kipya cha wastani kilichotoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam. Hakina sanduku la vanishi. Ni cheusi na chembamba, nacho hufungwa kwenye redio yetu. Hicho ndicho hupiga santuri zote za plastiki. Kinanda cha Baba hatukukiuza. Fundi alikitafutia kichwa kipya cha sindano, akalainisha chemchemi ya mkono wake, akapunguza uzito, akaling'arisha lile gurudumu la mpira. Sasa kina kazi moja tu: santuri za lakiri, ambazo ni ngumu na zenye mfereji mpana, na ambazo yeye tu nyumbani mwetu ajua kuzisema. Yu kama mzee aliyestaafu: habebi tena magunia, lakini kuna maneno ambayo bila yeye hayasemwi.

Mwaka uliofuata, siku ya Mama, tulisafisha Missa Luba kwa maji safi na kitambaa laini, tukaiweka juu ya kinanda kipya. Hatutawadanganya. Mkwaruzo haukwisha wote. Kilichokwanguliwa hakirudi, na katika Sanctus pana mahali ambapo sauti bado zina mchanga. Lakini chini ya mkwaruzo tulisikia vitu ambavyo kwa miaka kumi na mitano hatukuwa tumevisikia: pumzi ya waimbaji kabla ya kuanza, na ngoma ndogo iliyokuwa imefunikwa na ngurumo. Baba alifumba macho. Wimbo ulipokwisha alisema: “Sasa nawajua tena.” Binti yetu hakusema neno, aliishika santuri kwa kingo zake, kama alivyofundishwa, akairudisha katika mfuko wake wa karatasi.

Twajua kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, tangu Kalundu hadi Kavimvira na hata mbali, shauri kama letu lipo, iwe ni cherehani ya bibi, baiskeli ya baba au redio ya mjomba. Hatuna amri ya kuwapa. Twawaomba jambo moja: kabla ya kugombana juu ya chombo, ulizaneni chombo hicho kinatunza nini. Ulizaneni nyote mkiwapo, pamoja na mzee mwenyewe, na kabla mmoja wenu hajakimbilia dukani na fedha za mabati. Na kama mna santuri nyumbani, msingoje mwaka uishe. Tazameni sindano leo.